Mwenye Amri ya Kusalimu

Alipokuwa mtoto, Sindano aliamini kwamba Salimu Amri ni mtu. Redio ya baba yake haikuchoka kumtaja. Leo waasi wa huku wametakiwa Salimu Amri, kesho jeshi la kule limekataa Salimu Amri, keshokutwa limekubali Salimu Amri. Akilini mwake akamchora: mwanaume mfupi mwenye kombati inayompwaya, anayezunguka dunia nzima akishindwa vita vya watu. Siku moja akauliza, "Baba, huyu Salimu Amri kwa nini hashindi hata mara moja?" Baba yake alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akanyamaza kama redio iliyokatiwa umeme, akatoka nje. Hakueleza kitu.

Shuleni ndiko alikofundishwa kwamba maana yake ni kukubali kushindwa. Akaandika, akapata vema, akasahau. Alikua, akaolewa, akaachika, akarudi kwa baba yake na cherehani yake kichwani, na kwa miaka yote hiyo neno hilo halikumhusu. Lilikuja kumhusu wiki ile ya mnyororo.

Alikuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha mashati, ghorofa ya pili, safu ya kola. Jina la Sindano alilipata hapohapo. Wengine walisema ni kwa wembamba wake, wengine walisema ni kwa mdomo wake, na yeye mwenyewe alisema chagueni mnalotaka, yote yanachoma. Chumba kilikuwa kirefu kama behewa. Mbele kulikuwa na mlango wa ngazi, na juu ya ngazi hiyo, pembeni, ofisi ya Meneja yenye dirisha la kioo. Nyuma kabisa, baada ya meza za pasi, kulikuwa na mlango wa chuma wa kutokea ngazi ya nje. Huo ulifungwa kwa mnyororo tangu mtu alipogundua kwamba mashati yanapungua. Mafundi walijua mashati yanakopungulia. Yalikuwa yakishuka kwa ngazi ya mbele, mchana kweupe, ndani ya buti za magari. Lakini mwenye gari hafungiwi mnyororo.

Mchana mmoja waya wa pasi ukalipuka. Moto wenyewe haukuzidi wa jiko la mkaa, lakini moshi ulikuwa mweusi, mzito, wa plastiki na pamba, na ukatanda katikati ya chumba kabla mtu hajajua umetoka wapi. Waliokuwa mbele wakakimbilia ngazi. Waliokuwa nyuma wakakimbilia mlango wa chuma. Wakausukuma, ukafunguka upana wa kiganja, mnyororo ukaukaza hapo.

Aliyetangulia kufika alikuwa Kicheko, jirani wa Sindano kwenye safu ya kola, mwanamke ambaye hata kwenye msiba ilibidi akae nyuma kwa ajili ya kicheko chake. Tumbo lake lilikuwa la miezi ya mwishomwisho. Alipenyeza mkono kwenye ule upenyo akitafuta hewa, na wenzake, bila kujua, wakamsukuma kwa nyuma. Sindano aliusikia mkono ule ukivunjika. Ulilia kama kijiti kikavu. Fundi wa mitambo alizima umeme, akamwaga ndoo za mchanga, moto ukafa. Wakambeba Kicheko kwa ngazi ya mbele, akiwa kimya kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu.

Hospitali wakasema mtoto yuko salama, mkono utaunganishwa. Watu wakashukuru. Na Sindano naye alishukuru, mpaka asubuhi yake alipoingia kazini na kwenda moja kwa moja mlango wa nyuma kutazama.

Mnyororo ulikuwepo. Kufuli lilikuwa jipya, kubwa kuliko la zamani.

Alisimama pale muda. Halafu akarudi kwenye cherehani yake, akaketi, akainua mguu kutoka kwenye pedali, akaukunja chini ya kiti. Msimamizi wao, waliyemwita Filimbi kwa sababu ya kile kifilimbi alichokivaa shingoni, alipuliza kuanza zamu. Cherehani zikanguruma, zote isipokuwa moja.

"Sindano, una nini? Umeme haujafika kwako?"

"Umefika, bwana Filimbi. Ila mguu wangu unaogopa. Unauliza, ikitokea kama jana, utakimbilia wapi?"

Mama Vifungo, mkongwe wa kile chumba, aliyekuwa akishona vifungo tangu Filimbi hajaota ndevu, alisikia. Akatoa mguu wake kwenye pedali. Binti aliyekuwa nyuma yake akatoa wake. Ukimya ukatembea safu kwa safu, kola, mikono, mifuko, mpaka meza za pasi. Ndani ya kile chumba, ambamo watu walizoea kuongea kwa kupigiana kelele, ghafla ilisikika feni.

"Mnataka nini?" Filimbi aliuliza.

"Mlango ufunguliwe," alisema Sindano. "Hatutaki lingine."

Siku ile ikapita hivyo, wamekaa. Hawakutoka, maana ukitoka unaambiwa umeacha kazi. Hawakushona. Meneja alipita mara moja akiwa na miwani yake ya jua humohumo ndani, akawatazama kama mtu anayetazama mvua, akarudi ofisini. Baadaye kipaza sauti, kile cha kutangazia mapumziko, kikakohoa.

"Wafanyakazi. Mgomo huu hauna kichwa wala miguu. Mlango ule ni suala la usalama wa mali. Nawashauri msalimu amri, kazi iendelee, na tutasahau."

Mtu mmoja safu ya mifuko akasema, "Kumbe tuko vitani na hatukuambiwa!" Wakacheka. Utani ule uliwasogeza mpaka jioni.

Lakini Meneja hakuwa mjinga. Kesho yake hakutangaza kitu. Aliita mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa Mama Vifungo. Aliingia amenyooka kama mwiko, akatoka amejikunja. Hakumtazama mtu. Alikaa, akaweka mguu kwenye pedali, akashona vifungo huku machozi yakidondokea mashati. Wa pili akaitwa, naye akarudi akashona. Wa tatu vivyo hivyo. Sindano alimsogelea Mama Vifungo wakati wa mapumziko.

"Mama, amekwambia nini?"

"Ameniambia wenzangu wote wamekwisha kukubali kimyakimya, nimebaki mimi tu. Kwamba kwa umri wangu nikitoka hapa, nani atanipokea? Akasema, salimu amri, mama, hakuna atakayejua." Akajifuta kwa upande wa kanga. "Mwanangu, mimi ningeweza kuvumilia njaa. Ila kubaki peke yangu... Nilijiona kama mpumbavu wa mji mzima."

"Lakini wewe ndiye uliyekuwa wa kwanza kuitwa!"

"Ndiyo nimelijua sasa, baada ya kutoka."

Hapo Sindano akaelewa jinsi wanavyokatwa. Walikuwa kama uzi wa nyuzi nyingi: ukiuvuta wote, haukatiki, ukiuchambua, kila unywele unakatika kwa ukucha. Alihesabu vichwa vilivyokuwa bado vimeinuka akaona kesho saa ya chakula kila mguu utakuwa kwenye pedali, wa kwake ukiwemo.

Jioni alirudi nyumbani na uso umemshuka. Baba yake alikuwa anapiga pasi. Mtaa ulimwita Koplo, ingawa jeshi aliliacha zamani. Alikuwa mzee mgomvi, mwenye kubishana na taarifa ya habari na kuhakikisha suruali yake ina mstari hata ya kwenda dukani kununua chumvi. Meno ya mbele hakuwa nayo. Watoto wa mtaani walikuwa na hadithi zao kuhusu yalikokwenda: mmoja alisema yalitafunwa na ngumi ya bondia, mwingine akasema ni mfupa wa harusi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Uso huo umeuokota wapi?"

Akamweleza yote, akivua viatu. Alipofika kwenye maneno ya Meneja, baba yake akainua pasi kutoka kwenye kitambaa.

"Amesema nini?"

"Amesema kila mtu asalimu amri."

"Kila mtu?"

"Mmoja mmoja. Ofisini."

Mzee akaiweka pasi kwenye kigae, akakaa. "Huyo bwana hajui anachosema. Au anajua sana. Hebu niambie wewe uliyesoma: kusalimu amri ni nini?"

"Baba, nimechoka."

"Ni nini?"

"Kushindwa. Kunyoosha mikono."

"Nani kakwambia? Mwalimu?" Akasonya. "Watu wanaposikia salimu wanafikiri ni salamu. Wanaona mtu amesimama wima anaipungia amri mkono: hujambo, amri, habari za kutwa! Kusalimu ni kutoa kilicho mkononi mwako ukakiweka mkononi mwa mwingine. Ukiambiwa salimisha silaha, unafanya nini?"

"Ninaitoa."

"Unaitoa. Kwa sababu unayo. Sasa ukiambiwa salimu amri, unatoa nini?"

Sindano akabaki na kiatu mkononi.

"Unatoa amri!" Mzee akapiga goti lake. "Ile amri ya kuwaambia watu piganeni au acheni. Anayesalimu amri ni yule aliyekuwa nayo. Kuruta hasalimu amri. Kuruta anatekwa, anakufa, anakimbia, lakini amri hana, sasa ataitoa wapi? Mfukoni?"

Akapitisha ulimi kwenye ufizi.

"Sikuwahi kukwambia. Tulizingirwa kilimani, ndani ya jengo la shule. Kila jioni walituletea kipaza sauti chao: salimuni amri, mpewe chai. Nikateremka kuchota maji, nikadakwa. Wakanikalisha kwenye kiti, mwanaume mwenye tabasamu zuri akaniambia, koplo, wenzako wamechoka, wewe piga kelele tu kutoka hapa chini, sema kikosi kimesalimu amri, nusu yao watateremka wenyewe. Nikamwambia, afande, mimi nimetumwa maji. Ningekuwa nimetumwa amri ningekupa. Amri iko juu, kwa meja, na meja hakunipa ndoo mbili, ya maji na ya amri."

"Ukamwambia hivyo?"

"Nikamwambia. Hapo ndipo meno yalipokwenda." Akacheka kwa ufizi. "Hayo meno hayakuliwa na bondia, waambie wale watoto. Na wale wa juu hawakuteremka. Walikaa mpaka vita vikasimamishwa, wakatoka na bunduki zao mabegani. Mimi nikawaona kupitia wavu wa wafungwa, wakipita. Nilipiga saluti na mdomo umevimba kama boga."

Sindano alipanga viatu vyake ukutani. Halafu akauliza polepole, kama anayepima kitambaa kabla ya kukata, "Baba, na kama kikosi hakina meja?"

Mzee akamtazama. "Basi amri ni ya kikosi kizima. Atakayeitaka aende akawaombe wote kwa pamoja."

Asubuhi Sindano aliwahi. Alikaa kwenye ngazi ya mbele, pale ambapo hakuna anayeweza kuingia bila kumpita, na kila aliyefika akamvuta kando akamweleza. Hakuhubiri. Alisema maneno machache tu: akikuita, usikatae, usikubali. Mwambie amri si yako.

"Nitasahau," alisema binti wa safu ya mikono. "Yule mtu akinitazama nasahau hata jina la mama yangu."

"Basi sema 'si yangu' ukae kimya. Mtu hawezi kukulazimisha utoe kisicho chako."

Mama Vifungo alisikiliza ameinamisha kichwa. "Na sisi tuliokwisha kukubali jana?"

"Mama, ulitoa nini jana?"

Mkongwe akafikiri. Taratibu, mgongo ukaanza kumnyooka. "Sikutoa kitu," alisema. "Nilitoa mguu wangu tu. Na mguu ni wangu, naweza kuuchukua."

Filimbi alipopuliza, hakuna cherehani iliyolia.

Meneja akaanza kuita, na wa kwanza siku hiyo alikuwa Sindano. Ofisi ilikuwa na kiyoyozi, kalenda na kiti kimoja cha mgeni kilichokuwa chini kuliko cha mwenyeji, ili mgeni aongee akitazama juu. Hakukaa.

"Keti, dada."

"Nimeketi siku mbili, bosi. Nimechoka kuketi."

Meneja akavua miwani. Alikuwa na macho ya mtu asiyelala vizuri, na kwa mara ya kwanza Sindano akamwona kama binadamu mwenye mkubwa wake anayemkaba mahali fulani. Lakini hakumhurumia sana.

"Wewe ni mtu mwenye akili," alisema Meneja. "Wenzako wamekubali. Salimu amri, nikupandishe uwe msaidizi wa msimamizi. Hakuna haja ya kuaibishana."

"Amri si yangu, bosi."

"Unasema?"

"Unaniomba nikupe amri. Sina. Nina kola, na nikirudi kwenye cherehani nitakupa kola, mlango ukifunguliwa. Amri wanayo wale wote pale nje. Ukiwa unaitaka, waombe."

"Usinichezee maneno!"

"Sichezi, baba yangu alipigwa kwa maneno haya." Akatoka.

Akaitwa wa pili. Akatoka. Akaitwa wa tatu. Kupitia dirisha la kioo waliona midomo ikisogea kidogo tu, ya wote vilevile, na Meneja akizidi kuwa mwekundu wa masikio. Binti wa safu ya mikono aliingia, akasema "si yangu", akakaza midomo, na Meneja alipomuuliza si yako nini, akasahau kabisa kilichofuata, akasema, "Vyote." Watu walipoambiwa baadaye, walicheka mpaka wakashikana. Alipoitwa Mama Vifungo, aliingia na mkasi wake shingoni, na sauti yake ikasikika mpaka meza za pasi: "Jana ulinidanganya, mwanangu. Umri huu nilionao hunitishi nao, nimeufikia kwa miguu yangu!"

Mwishoni Meneja akafungua mlango wa ofisi kwa kishindo. "Haya! Amri ni ya wote? Njooni wote! Nimesema wote, hapa, sasa hivi, nione kama mna ubavu!"

Alitamka kwa hasira, labda akidhani watafyata mkia. Wakainuka. Kiti kimoja kikasukumwa, halafu vyote, kwa kelele moja ndefu, wakaja. Safu ya kola, ya mikono, ya mifuko, wapiga pasi, wakata nyuzi. Waliingia ofisini mpaka ikajaa, wakajaza kizingiti, wakajaza juu ya ngazi, wakashuka nayo mpaka chini. Hawakusukumana, hawakutukana. Walisimama tu, bega kwa bega, wakisubiri waombwe. Meneja akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa kalenda. Kiyoyozi kikazidiwa. Jasho likaanza kumtoka.

"Rudini nyuma," alisema. "Fungueni njia. Sipati hewa."

"Njia hiyo moja tumeijaza wenyewe," alisema Sindano, aliyekuwa karibu naye kiasi cha kuhesabu kope zake. "Ile nyingine ina mnyororo."

Hakukuwa na moshi, wala moto. Ilikuwa ni miili tu, na joto, na mlango mmoja. Meneja aliangalia vichwa vile vyote vilivyokuwa kati yake na ngazi, na uso wake ukabadilika kama wa mtu anayesikia kitu kwa mbali. Sindano hakusahau uso ule. Aliuona kabla, kwa Kicheko, kwenye upenyo.

"Ufunguo hauko kwangu," alisema kwa sauti ndogo. "Uko kwa mwenye kiwanda."

"Msumeno uko kwangu," ikasema sauti ya Fundi wa mitambo kutoka kwenye ngazi.

Meneja alifumba macho. Akatikisa kichwa kukubali, mara moja, kidogo sana, lakini watu wote walikuwa wanakitazama kichwa kile.

Msumeno ulikwenda ukilia, cheche zikiruka, na hakuna aliyerudi kukaa mpaka mnyororo ulipoanguka sakafuni. Mlango ulikuwa na kutu, wakausukuma kwa pamoja, ukafunguka mpaka ukagonga ukuta wa nje. Hewa ikaingia, na mwanga ambao haukuwahi kufika kwenye meza za pasi. Vumbi la pamba likaonekana likielea. Watu wengine walilia. Mama Vifungo alitoka nje, akashuka ngazi yote ya chuma mpaka chini, akapanda tena akihema. Alisema alitaka kuwa na hakika inafika.

Kisha wakarudi kwenye cherehani, wakashona.

Haukuwa mwisho mwema wa kila kitu. Sindano alihamishwa kutoka safu ya kola, kazi ya ustadi, akawekwa kukata nyuzi pamoja na wageni, na Filimbi akaagizwa amwandame. Alimwandama. Kicheko alijifungua mtoto wa kike, mkono ukiwa bado kwenye plasta, na alipoombwa arudi kazini alisema atarudi akiwa tayari, si kabla, na hakuna aliyebisha. Mwenye kiwanda alikuja siku moja, akatembea chumba kizima akiwa ameshika tai yake isiguse mashine, akautazama mlango ulio wazi, akaondoka bila neno.

Wiki iliyofuata marobota mapya ya vitambaa yaliletwa. Wachukuzi waliagizwa wayapange nyuma, baada ya meza za pasi, na waliyapanga vizuri sana, moja juu ya jingine, mpaka mlango wa chuma haukuonekana. Filimbi alisimama kando akitazama dari.

"Ni stoo tu imejaa," alisema bila kuulizwa. "Hakuna aliyefunga kitu."

Sindano aliweka mkasi mezani. Akaenda mpaka kwenye marobota, akavua viatu ili asiteleze, akaegemeza bega kwenye lile la chini na kusukuma. Halikusogea. Akapumua, akasukuma tena. Nyuma yake cherehani moja ilinyamaza, halafu nyingine, na akasikia viti vikivutwa.

"Sogea kidogo, shoga," Mama Vifungo alisema, akijifunga kanga kiunoni. "Umelibana peke yako kama ni la baba yako."